Jeni Yenye Jina la Panya

Hapa Vingunguti panya hana sifa njema. Hutoboa magunia, hula sabuni, na usiku hukimbia darini kama mwenye nyumba. Basi huenda msomaji akashangaa nikimwambia kwamba ndani ya seli za mwili wake mna jeni yenye jina la mnyama huyo. Huitwa Ras, kwa kufupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya saratani ya nyama ya panya. Naieleza kwa sababu ya neno ninalolisikia sana mitaani, ya kuwa uvimbe wa saratani ukiguswa na kisu cha daktari ndipo husambaa. Kwa ajili ya neno hilo watu huogopa hospitali.

Habari zake zilianza mwaka 1964. Bibi Jennifer Harvey wa London alichukua virusi vilivyowapa panya wadogo saratani ya damu, akavipitisha katika panya wakubwa. Vilipotoka huko vilikuwa vimegeuka tabia, vikawafanyia panya wadogo uvimbe wa nyama. Mwaka 1967 Werner Kirsten wa Chicago aliona jambo kama hilo. Baadaye sababu ikajulikana: virusi vile vilikuwa vimeiba jeni ya panya na kuichukua. Kisha mwaka 1982 wataalamu wa Marekani wakaikuta jeni hiyo katika seli za saratani ya kibofu cha mkojo cha mwanadamu. Si kwamba tuliambukizwa na panya, la! Kila mtu huzaliwa nayo, maana panya na sisi tumeirithi kutoka asili moja ya zamani sana.

Kazi yake ni kutoa maagizo ya kutengeneza protini ndogo yenye viungo 189. Protini hiyo ni mfano wa koki ya bomba. Habari ikifika kutoka nje ya seli, koki hufunguka. Baada ya muda mfupi hujifunga yenyewe. Ikiwa wazi hupeleka amri: gawanyika, tembea, usife.

Amri ya kutembea ndiyo inayonistaajabisha zaidi. Tukikatwa na kigae mguuni, seli za ngozi zilizo ukingoni mwa kidonda hulegeza mshiko wao kwa jirani. Kila moja hutanguliza ukingo mwembamba mbele, hujishika, halafu huvuta sehemu ya nyuma, kama konokono ukutani. Ras huamsha protini nyingine iitwayo Rac, nayo hupanga nyuzi za aktini zinazousukuma ukingo ule. Mwaka 1986 protini ya Ras ilitiwa katika seli za panya zilizokuwa zimetulia, na kingo zake zikaanza kujikunja kama mawimbi.

Ama kifo, seli nayo ina utaratibu wa kufa. Mtoto akiwa tumboni, vidole vyake huwa vimeungana kama mguu wa bata. Seli za katikati hujiua, vidole vikaachana. Seli iliyoharibika nayo yapasa ijiue, na Ras ikiwa wazi huizuia. Hata hivyo Ras ikizidi mno katika seli iliyo nzima, mara nyingi seli hiyo huacha kugawanyika kabisa, au hufa. Ndiyo kinga yetu, na ndiyo sababu saratani huhitaji makosa kadhaa, si moja.

Kosa lenyewe ni dogo mno. Katika zile seli za mwaka 1982 herufi moja tu ya DNA, yaani G, ilikuwa imegeuka T. Kiungo cha 12 cha protini kikabadilika, na koki ikashindwa kujifunga. Katika saratani ya kongosho, wagonjwa wapatao 9 kati ya 10 wana kosa katika ndugu yake Ras, aitwaye K-Ras.

Sasa turudi kwenye kisu. Seli iliyoamriwa kutembea na isiyotaka kufa haingoji kisu. Hujipenyeza yenyewe katika mishipa, ikafika ini au mapafu, ikakaa huko kimya bila kuonekana. Mgonjwa akipasuliwa amechelewa, seli hizo hujitokeza baadaye, na watu husema ni kisu. Aliyewahi hukatwa uvimbe seli zikiwa bado nyumbani kwao. Wengi wafikao Taasisi ya Saratani ya Ocean Road hufika zikiwa zimekwisha safiri.

Dawa ya kuishika Ras ilitafutwa kwa miaka karibu 40, kwa kuwa protini hiyo ni laini kama mpira, haina pa kushika. Mwezi wa Mei 2021 Marekani iliidhinisha ya kwanza, sotorasib, kwa saratani ya mapafu. Hujibandika kwenye kiungo cha 12 cha K-Ras na kuiweka koki imefungwa. Lakini huweza hivyo pale tu kiungo hicho kilipogeuka kuwa sisteini. Makosa mengine ya mahali papo hapo haiyagusi.