Silaha za polisi zinazojirekodi: zinachokiona na zisichokiona

KWA miaka mingi, raia alipojeruhiwa au kufa mikononi mwa polisi, maelezo yaliyobeba uzito mkubwa yalikuwa ya askari mwenyewe. Yeye ndiye aliyefyatua, na mara nyingi yeye na wenzake ndio mashahidi waliobaki. Marehemu hasemi, na ndugu zake hawakuwapo.

Kutokana na hali hiyo, watengenezaji wa silaha nchini Marekani walibuni njia ya kuifanya silaha yenyewe iwe shahidi. Iandike saa iliyofyatuliwa, ihesabu ni mara ngapi, na ikiwezekana ipige picha na kunasa sauti ya kilichotokea mbele yake.

Wazo hilo linavutia kwa sababu silaha haina rafiki wala kabila, haiogopi kupoteza kazi na haisahau. Hata hivyo, uzoefu wa zaidi ya miaka 20 unaonyesha kuwa shahidi huyo ana upungufu mkubwa, nao si wa kiufundi tu.

Kumbukumbu ndani ya bunduki ya umeme

Silaha iliyotangulia katika jambo hili ni bunduki ya umeme ijulikanayo kama Taser, inayotengenezwa na kampuni yenye makao yake Scottsdale, jimbo la Arizona. Kampuni hiyo iliitwa TASER International hadi mwaka 2017, ilipobadili jina na kuwa Axon.

Bunduki hiyo haitoi risasi. Hurusha vishale viwili vilivyofungwa kwenye nyaya nyembamba, na vikishika nguo au mwili, umeme hupita na kuikaza misuli ya mtu hadi aanguke. Katika aina ya X26, iliyoingia sokoni mwaka 2003, kubonyeza kifyatulio mara moja kulitoa umeme kwa sekunde 5, na askari aliyeendelea kukishikilia aliendelea kuutoa.

Ndani ya X26, kama ilivyokuwa kwa M26 iliyotangulia mwaka 1999, kulikuwa na kumbukumbu ndogo ya kielektroniki. Kila kifyatulio kilipobonyezwa, tarehe na saa viliandikwa, na mkuu wa kituo aliweza kuunganisha silaha na kompyuta na kusoma orodha hiyo.

Kulikuwa pia na njia nyingine isiyohitaji kompyuta. Kila kasha la vishale lilipofyatuliwa, lilimwaga vipande vidogo vya karatasi kati ya 20 na 30, kila kimoja kikiwa na namba ya kasha hilo. Askari angeweza kuondoka mahali pa tukio, lakini kuokota vipande vyote gizani halikuwa jambo rahisi.

Mwaka 2006 ilifuata kamera iliyoitwa TASER Cam. Ilichomekwa chini ya mpini wa X26, mahali pa betri, na ilianza kurekodi picha na sauti pale askari alipoondoa kizuizi cha usalama, hata kama hakufyatua. Iliweza kuona gizani na kuhifadhi picha za takribani saa moja na nusu.

Sababu ya kuharakisha teknolojia hiyo ilikuwa bayana. Malalamiko yalikuwa yakiongezeka, na mwaka 2012 shirika la kutetea haki za binadamu la Amnesty International lilisema kuwa watu wasiopungua 500 walikuwa wamekufa Marekani tangu mwaka 2001 baada ya kupigwa kwa bunduki za umeme. Kampuni imekuwa ikipinga kuwa silaha yake ndiyo chanzo cha vifo vingi vya namna hiyo. Katika mabishano kama hayo, kujua umeme ulitolewa mara ngapi na kwa sekunde ngapi si jambo dogo.

Funzo la Vancouver

Kisa kinachoonyesha vizuri nguvu na upungufu wa kumbukumbu hiyo kilitokea Canada, katika uwanja wa ndege wa Vancouver, Oktoba 14, 2007.

Robert Dziekański, raia wa Poland aliyekuwa na umri wa miaka 40, alikuwa amewasili kuhamia nchini humo ili aishi na mama yake. Hakujua Kiingereza. Alikaa uwanjani takribani saa 10 bila mtu wa kumsaidia, wakati mama yake alimsubiri upande wa pili hadi akarudi nyumbani akiamini kuwa mwanawe hakufika. Usiku ulipokuwa mkubwa, Dziekański alichanganyikiwa, akaanza kurusha vitu. Polisi wanne waliitwa.

Katika muda usiozidi nusu dakika baada ya kumfikia, mmoja wao alimfyatulia bunduki ya umeme. Dziekański alikufa papo hapo uwanjani.

Maelezo ya kwanza ya msemaji wa polisi yalisema bunduki ilitumika mara mbili. Kumbukumbu iliyokuwa ndani ya silaha ilionyesha kuwa kifyatulio kilibonyezwa mara 5. Hapo silaha ilifanya kazi ya shahidi na kuwasahihisha wenyewe walioibeba.

Lakini swali zito lilibaki. Askari walieleza kuwa mtu huyo aliwatishia kwa stepla ya kubania karatasi, na kwamba baada ya kupigwa mara ya kwanza alikuwa bado amesimama. Kumbukumbu ya silaha haikuweza kusema lolote kuhusu hilo. Ilijua saa na idadi, lakini haikujua kama aliyepigwa alikuwa amesimama au amelala chini akipiga kelele za maumivu.

Jibu lilitoka kwa abiria aliyekuwa jirani na kamera yake ya mkononi. Picha zake zilionyesha kuwa Dziekański alianguka baada ya kufyatuliwa mara ya kwanza. Abiria huyo alikuwa amewakabidhi polisi picha hizo kwa hiari, na ilimbidi atafute mwanasheria ndipo arudishiwe. Zilipotangazwa Novemba 2007, dunia nzima iliziona.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji mstaafu Thomas Braidwood ilihitimisha mwaka 2010 kuwa matumizi ya bunduki hiyo hayakuwa na sababu ya haki. Mwaka 2015 askari wawili kati ya wanne walipatikana na hatia ya kusema uongo chini ya kiapo mbele ya tume hiyo, na wawili waliachiwa.

Kamera kwenye bastola

Baada ya bunduki za umeme, zamu ilifika ya bastola. Mwaka 2014 kampuni ya Yardarm ya California ilijaribu, pamoja na polisi wa kaunti ya Santa Cruz, kifaa kidogo kilichowekwa ndani ya mpini wa bastola. Kifaa hicho hakikupiga picha. Kilitoa taarifa kwa ofisi ya mawasiliano kuwa bastola imetolewa kwenye ala yake, au imefyatuliwa, na mahali ilipo.

Mwaka 2018 kampuni ya Viridian ya jimbo la Minnesota ilitangaza kamera inayofungwa chini ya mtutu wa bastola, ambayo hujiwasha yenyewe bastola inapochomolewa. Hoja ya watetezi wake ni kwamba kamera ya kifuani huzibwa na mikono ya askari anapolenga shabaha kwa mikono miwili, ilhali ile ya bastola inaona moja kwa moja kile kinacholengwa.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Picha muhimu kuliko zote, yaani ile ya sekunde ya kufyatua, mara nyingi ndiyo inayokosekana kwenye kamera ya kifuani.

Lakini wapinzani nao wana hoja ambayo haijajibiwa. Kamera ya bastola huanza kuona pale tu bastola inapotoka. Kabla ya hapo kuna mengi: askari alimwendeaje raia, alimwambia nini, raia alijibu nini, je, kulikuwa na nafasi ya kuzungumza au kusubiri wenzake? Mahakama inapouliza kama nguvu ilikuwa ya lazima, majibu mengi yako katika dakika hizo. Kamera inayozaliwa pamoja na hatari humwonyesha mtazamaji hatari tu, kana kwamba haikuwa na chanzo.

Isitoshe, kamera hiyo haimwoni aliyeishika bastola, wala haioni kipigo cha rungu, mateke au kabali. Mtu anayekufa kwa kukandamizwa shingo hafi mbele ya mtutu wa bastola.

Kwa sababu hiyo, mkondo mkubwa umeelekea kuiunganisha silaha na kamera ya kifuani. Mwaka 2017 Axon ilitangaza kifaa kinachofungwa kwenye ala, ambacho huhisi bastola inapochomolewa na kuziamuru kamera za askari walio karibu, umbali wa hadi takribani mita 9, zianze kurekodi. Kamera hizo hutunza muda wote picha za sekunde chache zilizopita, hivyo rekodi huanza kabla ya bastola kutoka. Kwa mpango huo, silaha inabaki kuwa kengele, na jicho liko mahali pengine.

Kisa cha Brooklyn Center, Minnesota, cha Aprili 11, 2021 kinaonyesha faida ya jicho la kifuani. Askari Kim Potter alimpiga risasi kijana Daunte Wright, mwenye umri wa miaka 20, akidai alidhani ameshika bunduki ya umeme. Kamera yake ya kifuani ilinasa tukio lote, tangu mvutano kwenye mlango wa gari hadi sauti yake akitaja bunduki ya umeme huku bastola ikiwa mkononi. Baraza la mahakama liliona na kusikia, na Desemba mwaka huo likamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia.

Nani anashika ufunguo?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote: rekodi ikishapatikana, iko mikononi mwa nani?

Mjini Chicago, Oktoba 20, 2014, kijana wa miaka 17, Laquan McDonald, alipigwa risasi 16 na askari Jason Van Dyke. Polisi walisema aliwaendea akiwa na kisu. Kamera ya gari la polisi ilionyesha kuwa alikuwa akitembea kujiepusha nao. Picha hizo zilikuwapo tangu usiku huo, lakini wananchi waliziona Novemba 2015, baada ya miezi 13, kwa amri ya mahakama. Van Dyke alitiwa hatiani mwaka 2018.

Kamera ilitimiza wajibu wake siku ile ile. Kilichochelewesha haki ni kabati ilimofungiwa picha.

Sheria za majimbo ya Marekani zinatofautiana katika hilo. North Carolina, kwa sheria ya mwaka 2016, inataka amri ya mahakama ndipo picha za polisi zitolewe kwa umma. California, kwa sheria ya mwaka 2018, inataka kwa kawaida picha za matukio makubwa, kama ya kupigwa risasi, zitolewe ndani ya siku 45, ingawa ipo nafasi ya kuahirisha. Kamera inaweza kuwa ya aina moja, lakini thamani yake kwa raia wa majimbo hayo mawili si moja.

Utafiti nao unaonya dhidi ya matumaini makubwa mno. Mjini Rialto, California, malalamiko dhidi ya polisi yalishuka kutoka 24 hadi 3 katika mwaka wa majaribio ya kamera za kifuani ulioanza 2012. Lakini utafiti mkubwa zaidi wa Washington, uliohusisha askari zaidi ya 2,000 na kutolewa mwaka 2017, haukuona tofauti ya maana kati ya waliovaa kamera na wasiovaa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mjadala huu si wa mbali kama unavyoweza kuonekana. Nchini Kenya, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inamtaka askari aliyetumia bunduki atoe taarifa kwa mkubwa wake mara moja, hata kama hakuna aliyejeruhiwa. Panapotokea kifo au jeraha kubwa, taarifa lazima ifike kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA. Hiyo nayo ni kumbukumbu ya silaha, ila imeandikwa kwa kalamu. Udhaifu wake ni kwamba anayetakiwa kuianzisha ni yule yule aliyefyatua.

Silaha inayojirekodi inaondoa udhaifu huo mmoja: haisubiri mwenye kosa ajisemee. Haiondoi udhaifu mwingine, kwamba ushahidi unaweza kuwapo na usitolewe, au ukatolewa nusu. Wanunuzi wa vifaa hivi, wakiwamo wabunge wanaopitisha bajeti za polisi, wanapaswa kuuliza maswali matatu kabla ya kuuliza bei: rekodi inaanza wakati gani, nani haruhusiwi kuigusa, na familia ya aliyekufa itaiona baada ya siku ngapi.

Bila majibu hayo, kamera itakuwa pambo jingine kwenye mkanda wa askari. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini mwongo akikabidhiwa ufunguo wa kabati, anaweza kuirefusha hata kwa miezi 13.