Darubini ya Bunduki Yenye Teke Kali

Tangu mwaka 1977 uwindaji wa leseni umepigwa marufuku katika Kenya, na kijana wa leo wa Nanyuki au Voi huenda asiione kamwe bunduki ya kuwindia nyati ila katika picha. Lakini ukivuka mpaka na kuingia Tanzania, kazi hiyo ingaliko, na watu wengi hupata riziki yao kwayo: wawindaji bingwa, wachukuzi wa bunduki, madereva, wapishi, na hasa wasoma nyayo. Mgeni akimpiga nyati vibaya, nyati huyo huingia kichakani na kungoja humo. Atakayetangulia kuifuata damu ni msoma nyayo, na mara nyingi mtu huyo hana silaha mkononi. Kwa hiyo kioo kilichofungwa juu ya bunduki ya mgeni kinamhusu sana mtu huyu ambaye hakushauriwa siku kiliponunuliwa.

Yafaa kwanza tulifahamu teke lenyewe. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu kuwinda tembo wala nyati kwa bunduki iliyo chini ya kipimo cha .375. Kipimo hicho kilipata sifa tangu mwaka 1912, wakati kampuni ya Holland & Holland ya London ilipotoa risasi yake ya .375 H&H Magnum, na mpaka leo kinapendwa sana. Kichwa cha risasi hiyo kina uzito wa gramu 19 hivi, nacho hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde. Kitu kikisukumwa mbele kwa nguvu namna hiyo, kile kilichokisukuma hurudi nyuma. Basi bunduki yenye uzito wa kilo 4 na zaidi kidogo humrudia mpigaji kwa mwendo upatao mita 5 kwa sekunde. Nguvu ya teke hilo ni kama maradufu ya ile ya bunduki ya .30-06, ambayo wengi huwindia swala na pofu. Risasi ya .458 Winchester Magnum, iliyotokea mwaka 1956, hupiga teke kiasi cha mara tatu ya hiyo .30-06.

Teke hili lina maadui wawili, nao ni jicho la mpigaji na skrubu za darubini.

Habari ya jicho ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kila darubini imetengenezwa ili itazamwe kutoka umbali fulani nyuma ya kioo chake. Jicho likiwa mbali mno au karibu mno, mtu huona duara jeusi badala ya kuona mnyama. Darubini nyingi za bunduki ndogo zimepimwa kwa inchi 3 au zaidi kidogo, na kwa bunduki ndogo zatosha. Lakini bunduki ya .375 au .458 huruka nyuma kabla shingo ya mtu haijapata nafasi ya kurudi nayo, na ukingo wa darubini ukaja kukata ngozi juu ya jicho kama kikombe kilichovunjika. Wako wawindaji wengi wenye kovu la mwezi mchanga mahali hapo. Jeraha lenyewe hupona. Taabu ni kwamba mtu aliyekwisha kukatwa huanza kufumba macho kabla ya kufyatua risasi, na mtu afumbaye macho hawezi kupiga shabaha. Basi asinunue mtu darubini yenye nafasi ya jicho iliyo chini ya inchi 3 na nusu, na ikiwa inchi 4 ni bora zaidi. Tena aangalie kwamba nafasi hiyo haipungui anapozungusha pete ya kukuza, maana katika darubini nyingine hupungua sana.

Hata darubini nzuri itamkata mtu ikiwa imefungwa nyuma kupita kiasi. Namna ya kupima ni hii. Hakikisha bunduki haina risasi. Simama wima, fumba macho, ipandishe begani kama ufanyavyo siku zote, kisha fungua macho. Ukiona picha kamili, mahali pa darubini ni pazuri. Ukihitaji kuvuta kichwa nyuma, isukume mbele. Halafu fanya hivyo hivyo ukiwa umepiga magoti, na tena ukiwa umelala kifudifudi, kwa sababu alalaye chini husogeza jicho mbele bila kujijua. Kadhalika anayelenga kuelekea juu ya mlima. Wengi hukatwa katika hali hizi mbili.

Sasa tuje kwenye skrubu. Bunduki inaporuka nyuma, darubini hutaka kubaki mahali pake, na kinachoivuta ni skrubu chache nyembamba. Kwa kukadiria, darubini ya nusu kilo juu ya bunduki ya .375 huzivuta skrubu hizo, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kwa nguvu iliyo karibu sawa na uzito wa magunia mawili ya mahindi. Ikiwa darubini ni ya kilo moja, nguvu hiyo huwa maradufu. Ndiyo maana wepesi si anasa. Mafundi wengi wa bunduki huziondoa skrubu za kawaida, zenye unene wa milimita 3 na nusu, na kutoboa upya ili watie zenye unene wa zaidi ya milimita 4. Afadhali zaidi ni bunduki ambayo kiwanda kimechonga mahali pa kushikia pete katika chuma chenyewe, kama zilivyokuwa CZ 550 za Ucheki na zilivyo baadhi ya Ruger za Marekani. Hapo pete hushikwa na chuma, na skrubu hubaki na kazi ya kukaza tu.

Kuhusu kukuza, ni lazima tuseme wazi kwamba wauzaji wamewapoteza wengi. Mtu huingia dukani, akaona darubini ndefu yenye kioo kipana cha milimita 50 na nguvu ya kukuza mara 12, akadhani kwamba kilicho kikubwa ndicho bora. Nyati hupigwa mara nyingi kwa umbali usiofika mita 100, na akija mbio hupigwa kwa hatua chache. Darubini ya kawaida ya mara 3 hadi 9, ikiwekwa kwenye 3, huonyesha upana wa mita 2 na kidogo tu kwa umbali wa mita 20. Upana huo ni ubavu wa nyati na basi. Mwenye kutazama ataona ngozi nyeusi iliyojaa kioo kizima, asijue kama ni bega au tumbo. Ikiwekwa kwenye 9 hali huwa mbaya zaidi, kwani upana haufiki mita moja. Lakini darubini ya mara 1 hadi 4, ikiwekwa kwenye 1, huonyesha mita 6 hivi kwa umbali huo huo, na mpigaji aweza kuyaacha macho yote mawili wazi.

Wengine hujibu kwamba kioo kipana huleta mwanga wakati wa magharibi. Neno hilo ni kweli kwa sehemu, lakini hesabu yake ni nyepesi. Gawanya upana wa kioo cha mbele kwa nguvu ya kukuza, utapata upana wa mwanga unaolifikia jicho. Kioo cha milimita 24 kikikuza mara 3 hutoa milimita 8. Mboni ya jicho la kijana gizani hupanuka kufika milimita 7 hivi, na ya mzee haifiki hapo. Mwanga unaozidi humwagika nje ya mboni wala haumfai mtu. Zaidi ya hayo, kioo kipana hudai pete ndefu, na pete ndefu huliinua shavu kutoka kwenye kitako cha bunduki, na shavu lisiloegemea kitako hupigwa vibaya na teke.

Msalaba wa kulengea nao uchaguliwe kwa busara. Nyuzi nyembamba zinazowapendeza walenga shabaha za karatasi hupotea kabisa juu ya mnyama mweusi kivulini. Zifaazo ni zile nene pembeni na nyembamba katikati, au zenye nukta ya taa nyekundu. Taa hutegemea betri, kwa hiyo msalaba uonekane vizuri hata betri ikifa.

Yako mambo madogo ambayo dukani hayaonekani. Darubini nyingine fupi hazifikii pete mbili za bunduki ndefu za namna ya Mauser. Kizuizi cha zamani cha Mauser, kile kinachoinuliwa juu, hugonga darubini iliyofungwa chini. Na darubini ya kweli ya kazi hii imefungwa kabisa, ikajazwa naitrojeni mahali pa hewa ya kawaida, ili mvuke usigande ndani mtu atokapo kwenye baridi ya alfajiri.

Pete za kufunguliwa kwa mkono, bila bisibisi, zina bei kubwa, lakini kwa nyati na tembo tunaziona kuwa za lazima. Mvua ikinyesha juu ya kioo, au ikibidi kuingia kichaka kizito nyuma ya nyati aliyejeruhiwa, darubini hutolewa kwa nusu dakika na vilengeo vya chuma vikatumika. Basi bunduki iwe na vilengeo hivyo, navyo viwe vimejaribiwa kwa risasi zile zile. Siku hizi wako wanaofunga kioo kidogo chenye nukta nyekundu kisichokuza chochote. Hicho hakimkati mtu, kwa kuwa jicho laweza kukaa umbali wowote nyuma yake, na kwa bunduki za mitutu miwili kinafaa sana.

Kazi ikiisha kufungwa, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye pete hadi kwenye mwili wa darubini, na mwingine juu ya kila skrubu. Piga risasi 20, si kwa siku moja ikiwa bega halistahimili, kisha tazama. Mstari ukikatika, kitu kimesogea. Na bunduki ikisafirishwa kwa ndege au kwa gari juu ya njia mbovu, ipigwe tena risasi 3 kwenye karatasi kambini kabla ya mtu yeyote kwenda porini. Risasi zikiwa zimehama na fundi hayupo, darubini itolewe iwekwe sandukuni, na mgeni asogee karibu zaidi na mnyama kwa vilengeo vya chuma, au siku hiyo asipige.