Mwari na Lugha ya Fizikia

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba fizikia. Nawaalika wamtazame mwari, ndege atagaye Elmenteita na kuvua samaki katika Ziwa Nakuru.

Jua likipanda, ardhi ya Bonde la Ufa hupata joto. Hewa iliyo juu yake hutanuka, ikawa nyepesi kuliko hewa jirani, ikapaa. Mwari aingiapo katika mkondo huo, pembe ya bawa lake dhidi ya upepo hubadilika na kani inayomwinua huongezeka. Lakini kani hiyo haikamiliki mara moja. Mwaka 1925 Herbert Wagner alionyesha kwa hesabu kwamba pembe ikibadilika ghafla, nusu ya nyongeza hutokea papo hapo. Iliyosalia hufuata kadiri bawa linavyosonga mbele.

Je, msomaji, ni neno gani lililokosekana hapo? Mwanafunzi akaririye kanuni hizi kwa Kiingereza pekee aweza kufaulu mtihani asimtambue mwari apitaye juu ya paa la shule yake. Walimu wenzangu, tumfafanulie kwanza kwa lugha aielewayo. Kiingereza cha mtihani kitafuata. Kilichopungua si msamiati, bali nia.