Tangi la Samaki Nyumbani: Idadi Gani Inafaa?

Tangi la samaki wa mapambo linafaa nyumba za ghorofa kama zile za Buxton: halina kelele, halihitaji uwanja na watoto hulipenda. Hata hivyo, samaki wengi hufa katika majuma ya kwanza, na mwenye nyumba hudhani waliuziwa wakiwa wagonjwa. Mara nyingi tatizo ni samaki kuwa wengi kuliko uwezo wa kichujio.

Kichujio hufanya nini?

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Chakula kinachobaki pia huoza na kuiongeza. Amonia ni sumu hata ikiwa kidogo, na haionekani: maji yanaweza kuwa maangavu na bado yakaua.

Kazi kubwa ya kichujio si kuondoa uchafu unaoonekana. Ndani ya sponji yake huishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua majuma 4 hadi 6 kutosha. Kwa hivyo, anza na samaki wawili au watatu, kisha ongeza polepole.

Hesabu ya samaki

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 lina ujazo wa lita 54. Ukiondoa changarawe na nafasi ya juu, hubaki takriban lita 45. Kadiria lita 2 kwa kila sentimita ya samaki mdogo, ukipima urefu atakaofikia akikomaa. Tangi hilo litabeba gapi dume sita au saba wa sentimita 3. Ukichanganya dume na jike, watazaana na hesabu itaharibika. Samaki wa dhahabu hafai hapo, kwani anaweza kupita sentimita 20.

Joto la Mombasa nalo lihesabiwe. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni, lakini kwa nyuzi 28 hubeba 7.8 pekee. Chagua kichujio kinachozungusha maji yote ya tangi mara nne kwa saa, yaani lita 180 kwa tangi hili.

Mifereji ikikauka, stima ikipotea

Kila juma badilisha robo ya maji, takriban lita 11. Maji ya mfereji huwa na klorini, ambayo huua bakteria na kudhuru samaki. Yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24 au utumie dawa ya kuondoa klorini. Maji ya visima vya kisiwani mara nyingi yana chumvi, hivyo yasitumiwe kwa samaki wa maji baridi bila kupimwa. Weka mtungi wa lita 20 wa akiba kwa siku za mgao.

Sponji ioshwe kwa maji yaliyotolewa kwenye tangi, kamwe si chini ya mfereji.

Stima ikipotea, usiwape samaki chakula. Chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara ili hewa iingie, au tumia pampu ndogo ya betri. Tangi lenye samaki wachache linaweza kustahimili saa kadhaa. Lililojaa huanza kupoteza samaki mapema. Ndiyo maana inafaa kuhesabu samaki kwa kufikiria siku mbaya, wala si siku ambayo kila kitu kinafanya kazi.

Samaki wakizidi

Wakaazi wanahimizwa wasimwage samaki kwenye mitaro au katika Mkondo wa Tudor. Samaki wa kigeni wanaweza kueneza magonjwa kwa samaki wa asili. Mpe jirani mwenye tangi au uwarudishe dukani. Tangi lisilotumika limwagwe maji na likaushwe, kwani maji yaliyotuama ni mazalio ya mbu, wakiwemo wanaoeneza homa ya dengi.