Kabla ya kushusha giaboksi, tumia sikio na mguu

Dereva wa pikapu anayesubiri feri ya Mbita pale Luanda Kotieno hahitaji somo kuhusu kazi ya klachi. Mguu wake wa kushoto unaijua. Feri inampunguzia safari ndefu ya kuizunguka Ghuba ya Winam kupitia Kisumu, Kendu Bay na Homa Bay, lakini lazima apande kwenye chuma chenye mwinamo, gari likiwa limejaa omena, mbuta na barafu, au saruji na mabati ya kupeleka ng'ambo. Foleni inasogea kidogo, inasimama, inasogea tena. Kila mara anapolishikilia gari kwa nusu klachi badala ya breki, klachi pleti inasuguana na kuungua.

Ndiyo maana gari likianza kulia chini ya sakafu, jibu huwa tayari mdomoni: "Fundi, klachi imeisha." Mara nyingi fundi naye hakatai. Giaboksi inashushwa, pleti mpya inafungwa, na gari linaondoka na kelele yake ileile. Kushusha giaboksi ya pikapu, hasa yenye gia za magurudumu manne, ni kazi nzito, na malipo ya fundi ni yaleyale hata kama kilichoharibika kilikuwa kitu kingine. Kazi ya kwanza basi ni kusikiliza.

Kanyaga, achia, sikiliza

Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka gia fri, injini ikinguruma polepole. Pedali ikiwa juu, klachi imeshikana na injini, kwa hiyo shafti ya mbele ya giaboksi inazunguka pamoja na ile ya chini yake. Ukisikia mngurumo, kisha ukanyage pedali hadi chini na mngurumo unyamaze, tatizo limo ndani ya giaboksi: beringi za shafti hizo ndizo za kushukiwa kwanza. Pleti mpya haitazitibu.

Kinyume chake kina maana nyingine. Kukiwa kimya pedali ikiwa juu, kisha mlio mkali uanze mara tu mguu unapoigusa pedali, huyo ni rilisi, beringi inayosukuma vidole vya presha pleti. Kuna pia beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, ambayo hulia pedali ikiwa chini kabisa na gia imeingizwa, kwa sababu hapo flaiwili inazunguka huku shafti imesimama.

Sasa endesha. Katika pikapu nyingi za gia tano zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja, na shafti ya chini huzunguka bila mzigo. Kelele ikisikika gia ya pili na ya tatu lakini ikapungua sana ya nne, beringi za shafti hiyo ya chini zimechoka. Kelele ikibaki ileile hata ukiweka fri na kuliacha gari liserereke, achana na klachi kabisa, ukague propela, yunivaso, difu na beringi za magurudumu.

Klachi iliyokwisha kweli haina haja ya kupiga kelele. Hutambulika mlimani: unakanyaga mafuta, injini inapanda mzunguko, gari haliongezi mwendo, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Gia ya kurudi nyuma ikikwaruza, klachi haiachii sawasawa, na huenda kosa ni hewa au uvujaji kwenye mafuta ya pedali, jambo ambalo mara nyingi hurekebishwa bila kushusha giaboksi.

Maji yanavyoingia

Kando ya ziwa kuna sababu nyingine ya kelele, nayo madereva huileta wenyewe. Magari kuingizwa majini ili yaoshwe ni jambo la kawaida kwenye fuo hizi, na hata mjini Kisumu, ufuo wa Lwang'ni ulijulikana kwa miaka mingi kwa uoshaji wa magari. Mbali na uchafu unaoachwa ziwani, gari lenyewe linaumia. Giaboksi iliyotoka safari ndefu ni ya moto, na hewa iliyo ndani yake imetanuka. Ikitumbukia ghafla kwenye maji baridi, hewa hiyo inasinyaa na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia. Oili inageuka rangi ya maziwa, beringi zinashika kutu, na miezi michache baadaye mngurumo unaanza. Maji hupenya pia kwenye nyumba ya klachi na kuiozesha rilisi. Kabla ya kununua kipuri chochote, fungua nati ya oili uangalie inatoka na rangi gani na chembe gani za chuma.

Ikishuka, malizia yote

Ukishathibitisha kwamba klachi ndiyo mgonjwa, kazi ina utaratibu wake. Tenganisha betri. Inua gari na uliweke juu ya stendi imara. Jeki peke yake isiaminiwe na mtu anayelala chini yake. Tia alama propela kabla ya kuifungua ili irudi ilivyokuwa. Ondoa stata na silinda ndogo ya klachi, tegemeza injini, kisha ishushe giaboksi kwa jeki, ikiwa sawa na shafti. Usiiache ining'inie kwenye pleti, kwa sababu uzito wake hupinda kitovu cha pleti, na klachi mpya itakosa kuachia tangu siku ya kwanza. Vumbi la klachi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe kwa upepo, maana pleti za zamani huweza kuwa na asbesto.

Tazama flaiwili: madoa ya buluu na nyufa ni dalili za joto kali, na ikiwa imekwaruzika kidogo ipelekwe kwa fundi wa mashine ya kukereza. Pikapu mpya nyingi za dizeli zina flaiwili ya vipande viwili yenye springi, iliyotengenezwa kumeza mtetemo wa injini. Hiyo ikilegea hugonga injini inapozimwa au kunguruma polepole, na watu huilaumu giaboksi bure. Angalia pia sili ya nyuma ya injini. Ikivuja oili, pleti mpya italowa na kuteleza.

Badilisha pleti, presha pleti, rilisi na beringi ya katikati kwa pamoja. Beringi hizo ni za bei nafuu ukizilinganisha na kushusha giaboksi mara ya pili. Upande wa pleti wenye kitovu kilichochomoza kwa kawaida hutazama giaboksi. Iweke katikati kwa kifaa chake au shafti kuukuu, kisha kaza bolti za presha pleti kidogo kidogo, moja kisha iliyo mkabala wake. Grisi kwenye meno ya shafti iwe utando tu.

Majina kama Aisin na Exedy yanaheshimika sokoni, na kwa hiyo huigwa. Kenya imekuwa na Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia tangu 2008, lakini kinga ya mnunuzi ni duka litakalompa risiti na kukubali kurudishiwa bidhaa mbovu. Oili nayo ifuate kitabu cha gari, kwa sababu giaboksi ya Isuzu na ya Toyota hazinywi oili moja kila mara.

Baada ya hapo, umri wa klachi uko kwa dereva. Foleni ya feri ikisimama, weka fri na uvute breki ya mkono. Pedali si mahali pa kupumzishia mguu. Na gari lililotoka barabarani moto lioshwe kwa ndoo, mbali na ziwa.