Tone la Damu Ukingoni mwa Sikio

Paka wetu Zafarani, dume aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka 11 na unene wa kutosha kujaza kiti kizima, alipoanza kumaliza bakuli la maji kabla ya adhuhuri, na kukojoa kwa wingi hata mchanga wa kisanduku chake ukawa kama udongo wa mfinyanzi, na juu ya yote hayo kukonda ilhali anakula kwa pupa, sisi wa nyumbani hatukuhitaji kutajiwa jina la maradhi yale, kwa kuwa dalili hizo hizo tulikwisha kuziona kwa marehemu mama yangu, na mashine yake ya kupimia sukari ilikuwa bado imo kabatini, ndani ya kifuko chake cheusi.

Tabibu wa wanyama alithibitisha tuliyoyahisi, akatupa insulini, uniti moja asubuhi na moja jioni, kwa mwachano wa saa 12. Kwetu Mombasa hesabu hiyo ni nyepesi, maana jua la pwani huchomoza na kuchwa karibu wakati ule ule mwaka mzima, na saa ya Kiswahili yenyewe imekwisha kuipanga: saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Kudunga nako hakukuwa kugumu kama nilivyodhani, kwani ngozi ya paka imelegea na sindano ya insulini ni nyembamba mno. Ugumu ulikuwa katika kujua kiasi kinachomfaa.

Katika wiki ya tatu tulimpeleka kupimwa. Alisafiri ndani ya kikapu, kwa tuktuk, katikati ya honi na vumbi, akafikia katika baraza ya kungojea ambapo mbwa mmoja mkubwa alimbwekea kwa muda wa nusu saa, kisha akashikwa na watu wawili juu ya meza baridi, akilia kwa sauti ambayo sijapata kumsikia akiitoa tangu azaliwe. Mashine ikasoma 21. Tabibu, kwa namba aliyoiona mbele yake, akaongeza dawa ikawa uniti mbili. Usiku wa pili nilimkuta Zafarani akipepesuka karibu na mlango wa jikoni, miguu ya nyuma haimbebi, macho yamemtoka; nikampaka asali katika ufizi, nikakaa naye sakafuni hadi alipoweza kusimama na kula. Stripu za mama zilikuwa zimepitwa na muda wake zamani, kwa hiyo sikuwa na hata namba moja ya kuniongoza katika saa ile.

Simlaumu tabibu. Mashine haikumdanganya, ila aliyepimwa pale mezani alikuwa paka aliyejaa hofu, na sukari ya hofu ilikuwa imekwisha kuchanganyika na sukari ya maradhi, wala hapana jicho liwezalo kuzitenganisha.

Jambo hili wataalamu wamelijua kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1911 Walter Cannon na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, walichukua paka wazima wasio na kisukari, wakawafunga wasiweze kujinasua, na mmojawapo wakamtia katika kizimba huku mbwa akimbwekea, na baada ya muda wakaikuta katika mikojo yao sukari ambayo hapo kabla haikuwamo. Hofu inapomwingia paka, tezi zilizo karibu na figo humwaga adrenalini katika damu, nalo ini huiachilia sukari lililoiweka akiba, ili mnyama apate nguvu za kupigana au za kukimbia. Na paka huathirika sana kwa jambo hili, hata paka mzima, ambaye kwa kawaida huwa na sukari ya takriban milimoli 4 hadi 7 kwa lita moja ya damu, aweza kuvuka 16 kwa fadhaa peke yake. Niliposoma habari za kizimba kile na mbwa yule nilikumbuka kikapu chetu, nikaona uchungu.

Ndipo tulipoazimia kumpima nyumbani, naye tabibu akaliunga mkono wazo hilo na kunifundisha kwa mikono yake. Kabla ya tobo la kwanza tulitumia siku 8 kwa mazoea matupu. Kila asubuhi nilitandika kanga kuukuu pale pale dirishani anapopenda kuota jua, nikamngoja aje kwa hiari yake, nikamsugua sikio taratibu, kisha nikampa kipande cha kuku aliyechemshwa bila chumvi, kwa sababu nyama tupu haina wanga wa kumpandisha sukari. Kalamu ya kutobolea ina mlio mkali unapoibonyeza, na mlio huo humshtua paka kuliko tobo lenyewe. Kwa hiyo nikaiweka kando, nikajizoeza kukitumia kisindano kwa mkono.

Siku ya tisa nilimpasha sikio moto. Sikio baridi halitoi damu, na wengi hukata tamaa hapo, wakidhani wamekosea pa kutoboa. Nilitia mchele wa moto katika soksi ya mtoto, nikaujaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wangu, kisha nikauweka juu ya sikio kwa dakika moja au zaidi. Nikapaka vaselini kidogo ili damu isimame tone badala ya kutapakaa katika manyoya. Nikaweka pamba iliyokunjwa nyuma ya sikio, nisije nikajitoboa kidole. Kisha nikatoboa pembeni kabisa, baina ya ukingo na ule mshipa mwembamba uendao sambamba nao. Tone likatoka, dogo kama punje ya mtama. Stripu ikilifikia hulivuta yenyewe. Nikabana pahala pale kwa pamba, na kuku akatolewa papo hapo, kama ninavyomtolea hata siku ambazo damu imekataa kutoka. Na ikikataa mara mbili, ninaacha.

Mashine ikasoma 11.

Yampasa msomaji kujua kwamba mashine za wanadamu aghalabu husoma chini kidogo ya ukweli kwa damu ya paka, kwani sukari ya paka imegawanyika kwa namna nyingine baina ya maji ya damu na chembe nyekundu. Zipo mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Asiyeipata atumie moja ile ile kila siku, na amwambie tabibu ni ipi. Kadhalika aangalie bomba la sindano, maana ziko insulini za uniti 40 kwa mililita na ziko za uniti 100, na anayechanganya bomba la moja na dawa ya nyingine aweza kumuua mnyama wake bila kujua.

Sisi tuliolelewa kwa kusimuliwa habari za Abu Huraira, sahaba aliyepata lakabu yake kwa sababu ya paka mdogo aliyekuwa akimbeba, hatuna udhuru wa kuona taabu hii kuwa ni upuuzi. Zafarani amerudishwa kwenye uniti moja, na sasa huja dirishani mwenyewe kabla sijamwita, akainamisha kichwa. Tabibu ametuwekea mpaka: ikisoma chini ya 10 kabla ya sindano, tusidunge hadi tumpigie simu, na ikishuka chini ya 4, chakula na asali kwanza, kisha simu.

Basi ewe mwenye paka wa namna hii, ikiwa kabatini mwako imo mashine ya mzazi au ya jirani, nunua stripu mpya, uichukue pamoja na paka wako kwa tabibu, umwombe aijaribu kwa tone lile lile la damu analolipima yeye, na akufundishe kutoboa sikio la paka wako mwenyewe kabla hujaondoka pale.