Baada ya Kitufe Chekundu: Namna ya Kuendeleza Kazi ya CNC Iliyokatizwa

Shafti ya pampu ya tope la madini hainunuliwi dukani Kolwezi. Chuma chake husafiri kwa lori kutoka bandari ya Durban au Dar es Salaam, kikavuka Zambia, kikakaa foleni mpakani Kasumbalesa, ndipo kifike karakana na kuanza kukerezwa. Kazi ikiwa imebakiza hatua mbili tatu, umeme unayumba, au fundi anaona hatari na kupiga kitufe chekundu cha dharura. Mashine inanyamaza huku kisu kikiwa kimegusa chuma. Yatakayofanywa ndani ya nusu saa inayofuata ndiyo yatakayoamua kama chuma hicho kitaishia kwenye pampu au kwenye lundo la vyuma chakavu.

Kukatizwa kwa kazi si jambo geni Lualaba, mkoa wa Kolwezi. Mkoa una maji na mabwawa: Nzilo ilianza kuzalisha umeme mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956, zote mbili juu ya mto Lualaba. Mwaka 1982 ikaongezwa njia ya umeme kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, takriban kilomita 1,700. Lakini migodi ya Kamoto, Mutanda, Tenke Fungurume na Kamoa-Kakula pamoja na viwanda vyake vya kuchenjua inataka umeme mwingi kuliko unaopatikana, na karakana ndogo zinazoihudumia zinaishi kati ya gridi na jenereta. Kila zamu ya kuhama kutoka huku kwenda kule ina sekunde chache ambazo mashine ya kompyuta haizivumilii.

Fundi wa zamani, aliyefunzwa kwenye mashine za mkono katika karakana kuu za kampuni ya madini ya Gécamines kule Panda, Likasi, hakuwa na tatizo hili kwa ukubwa huu. Umeme ukikatika, alitazama mbele yake: mpini wa mwendo uko wapi, gia ipi imeingia, kisu kimezama kiasi gani. Hali yote ya kazi ilionekana kwa macho na kushikika kwa mkono. Kwenye CNC, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta, sehemu kubwa ya hali hiyo imefichwa ndani ya kompyuta, na kitufe cha dharura huifuta.

Mtu anayesoma programu ya CNC anaona mistari. Mstari wa 840 unaweza kusema tu: nenda X hadi milimita 98.4. Hausemi mhimili uzunguke kwa kasi gani, maji ya kupoza yawe wazi au la, urefu wa kisu kipi uhesabiwe, wala sifuri ya kazi iko wapi. Maagizo hayo yalitolewa mistari mia kadhaa nyuma na yakaendelea kutawala mpaka yabadilishwe. Kitufe kikipigwa, mengi yanarudi kwenye hali ya kuwashwa upya. Ukiiamuru kompyuta ianzie mstari wa 840 bila kuirudishia maagizo hayo, itatii kikamilifu: itakipeleka kisu kwenye chuma huku mhimili umesimama.

Kuna hila nyingine pia. Kompyuta husoma mistari ya mbele kabla ya kuifikia ili mwendo uwe laini. Kwa hiyo mstari ulio kwenye kioo wakati mashine inasimama huenda si ule ambao kisu kilikuwa kikiukata. Fundi anayeandika namba hiyo kwenye karatasi na kuiamini ameanza vibaya.

Lakini kabla ya mambo ya programu kuna swali la kwanza: kitufe kilipigwa kwa nini? Kiwango cha kimataifa cha ISO 13850 kinataka kukifungua kitufe kusianzishe mashine kwenyewe. Lazima mtu atoe amri nyingine kwa kusudi. Nafasi hiyo kati ya kufungua na kuanza imewekwa kwa ajili ya kuuliza swali hilo. Kama mtu aliumia au karibu aumie, kazi haiendelei mpaka chanzo kijulikane na kiondolewe. Kama ni umeme, ikaguliwe mishiko yote ya haidroliki: vishikio vya kazi na mikono inayoibeba shafti ndefu katikati inaweza kuwa imelegea shinikizo liliposhuka. Shafti ya kilo mia kadhaa ikizungushwa ikiwa imelegea huua.

Kisha kisu kitolewe, nacho hutolewa kwa mkono, polepole, kwa kufuata njia ambayo chuma kinairuhusu. Kisu kilicho ndani ya tundu kwanza huuacha ukuta, ndipo kivutwe nje kwa mstari ulionyooka. Kitobozi hurudi kwa njia kiliyoingilia. Kikata hesi kilichokwama tunduni kina sheria yake: hakivutwi tu, lazima kizungushwe kinyume kwa hatua ya hesi ileile, na mashine nyingi za sasa zina amri maalumu kwa kazi hiyo. Kisu kikishatoka, kitazamwe kwa kioo cha kukuza. Mara nyingi mwendo na mzunguko havisimami kwa pamoja, na ncha ya kabidi huvunjika. Kipande chake kikibaki kimezama ndani ya chuma, kitavunja hata kisu kipya.

Mashine yenye vipimo vya nafasi vya kizamani itahitaji kurudishwa kwenye sehemu yake ya marejeo iwapo umeme ulizimika kabisa. Zenye vipimo vya kudumu hukumbuka zilipo kwa msaada wa betri ndogo, na hapa Kolwezi kuna onyo: betri hiyo hutumika mashine inapokuwa imezimwa. Palipo na kukatika kwa umeme mara kwa mara inakwisha mapema kuliko kitabu kinavyosema, nayo ibadilishwe mashine ikiwa imewashwa, la sivyo nafasi zote zinapotea. Baada ya hapo saa ya kupimia ipelekwe kwenye sehemu iliyokwisha kukerezwa ili kuhakikisha kazi haikusogea.

Ndipo tufike kwenye kuanza. Kompyuta za Fanuc, ambazo zimeenea sana, zina njia mbili za kurudi katikati ya programu, P na Q. Njia ya P ni ya kisu kilichovunjika tu. Baada ya kitufe cha dharura haikubaliwi. Q ndiyo iliyobaki, nayo hudai mashine ipelekwe kwanza pale programu ilipoanzia. Tena, kompyuta haitekelezi yenyewe maagizo ya mzunguko, kisu na maji inapotafuta mstari; inayaonyesha kwenye kioo, na ni fundi anayeyaingiza kwa mkono. Mwishowe mashine husogea katika mwelekeo mmoja, kisha mwingine, kwa mpangilio uliowekwa kiwandani au na aliyeifunga mashine. Njia hiyo haijui kama kati kuna bega la shafti. Mkono uwe kwenye kidhibiti cha mwendo, na kasi iwe chini kabisa.

Kwa sababu hizo zote msimamo wangu ni mmoja: usianze katikati ya mkato kama unaweza kuepuka. Rudi mwanzo wa kisu kile, pale programu inapokiita kutoka hewani na kutoa maagizo yake yote upya. Kisu kitapita hewani juu ya sehemu iliyokwisha kukatwa, dakika kumi au ishirini zitapotea, na shafti itabaki salama. Hesi za kwenye mashine ya kukereza zinaweza hata kuendelezwa vizuri, kwa kuwa mhimili unajua pembe yake, ila kwa masharti: kazi isiwe imetolewa kwenye kishikio, kasi ya mzunguko iwe ileile, na kisu kianzie pale pale.

Jambo moja wengi hulisahau, nalo ni joto. Shafti ya kipenyo cha milimita 100 ikipoa kwa nyuzi 15 hupungua takriban mikroni 17. Kiti cha beringi cha kipenyo hicho, kwa kipimo cha m6, kina nafasi ya mikroni 22 tu. Kazi iliyosimama kwa muda wa saa mbili usiku wa kipupwe, katika mji ulio juu kiasi cha mita 1,400 na zaidi, si kazi ileile iliyoachwa. Mkato wa mwisho usifanywe kabla ya kupima upya, na mashine izungushwe kwanza bila kukata ipate joto lake.

Nawaomba wanaoandika programu Kolwezi, Fungurume na Likasi: kila kisu kianze na maagizo yake kamili, kasi, maji, urefu na sifuri, hata kama mstari wa juu umekwisha kuyasema. Inachukua mistari mitano. Na mashefu wa karakana, mgodi unapopiga simu kuuliza pampu iko wapi, msimwambie fundi aanze pale pale mashine iliposimama. Mpeni muda wa kurudi nyuma.